Barua Iliyotoka Sebuleni

Printa tuliinunua kwa sababu ya mtihani uliovuja. Nilikuwa nimeupeleka mwenyewe kwenye steshenari moja ya mjini, mtihani wa jiografia wa kidato cha tatu, ukiwa kwenye flashi. Nilisimama pale mpaka nakala ya mwisho ikatoka, nikazitia kwenye bahasha kubwa, nikarudi shuleni kwa bodaboda nikiwa nimeikumbatia kifuani. Sikujua kwamba faili limebaki kwenye kompyuta yao. Siku ya mtihani wanafunzi wanne walimaliza kujibu wakati wenzao hawajafungua hata ukurasa wa pili, na mmoja wao ni mtoto ambaye mwaka mzima hakuwahi kupata swali la ramani. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akafunga mlango taratibu, akaniuliza kama kuna lolote ninalotaka kumwambia. Sikuwa nalo. Akasema ananiamini. Lakini tangu siku ile mitihani yangu ikawa inapitiwa na mwalimu mwingine kwanza, na mimi nikawa mtu wa kujieleza kwa kila kitu.

"Basi tuwe na printa yetu," mume wangu alisema nilipomsimulia. "Utachapa hapa hapa nyumbani. Hakuna kumpa mtu flashi."

Mume wangu ni bwana shamba. Alikuja Songea kutoka Singida akiwa kijana, kituo chake cha kwanza cha kazi, akanikuta mimi ni mwalimu mpya, na hakuondoka tena. Ananiita Mwalimu, hata tukiwa wawili tu. Tulijenga Matogoro, pale milima inapoanza kupanda, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye kuta nene kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Binti yetu mmoja alikuwa chuoni Mbeya. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mume wangu, na mama yangu.

Mama alikuja kwetu kwa ajili ya macho. Kwao ni Maposeni, ambako alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki, akilima mahindi yake na kwenda kanisani kwa miguu. Mtoto wa jicho alimziba jicho moja, kisha la pili, mpaka siku moja akamwaga chumvi yote kwenye majivu akidhani ni sufuria. Nikamchukua. Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, tukasubiri, akafanyiwa la pili. Tulipofikiri sasa yuko tayari kurudi, alijikwaa kwenye waya wa umeme wa televisheni hapo sebuleni, akaangukia nyonga. Haikuvunjika, lakini alitembea na fimbo miezi mingi, na safari ya kurudi kwake ikawa inasogezwa mbele mpaka hatukuizungumzia tena.

Kukaa kwa mkwe hakukuwa jambo jepesi kwake. Hakuwahi kukaa kwenye kochi ambalo mume wangu hulipenda, hata kama yeye yuko safarini wiki nzima. Chakula alikuwa anakula chumbani kwake. Mume wangu akiingia sebuleni, mama anainuka kidogo, anamwitikia "baba" kwa sauti ya chini, anatafuta sababu ya kwenda jikoni. Mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Walipendana kwa mbali. Nikimwambia mama ajisikie yuko nyumbani, alikuwa anasema, "Mimi hapa mgeni tu, mwanangu," na mimi nilikuwa nacheka.

Lakini macho yalimrudishia jambo moja kubwa: kusoma. Mama alisoma mpaka darasa la nne, na ile miaka ya kiza ilimnyima kitabu chake cha sala. Baada ya bandeji kuondolewa akawa anasoma kila kitu. Pakiti ya chumvi. Gazeti lililofungiwa maandazi. Maneno yaliyoandikwa kwenye fulana za wapita njia, ambayo mengine yalikuwa ya Kiingereza na aliyasoma hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Nilikuwa namtia moyo. "Soma tu, mama," nilimwambia, "macho ni yako."

Ni kwa ajili yake nilikataa waya. Printa niliyochagua ilikuwa na uwezo wa kuunganishwa kwa waifai, na nilitaka ikae sebuleni, juu ya meza ya cherehani, ambapo sote tutaifikia: mimi kwa simu, mume wangu kwa laptopu yake anayoitumia chumbani, na binti yetu akija likizo. Ruta yetu, ile ndogo ya kuwekea laini, ilikaa dirishani chumbani kwetu, kwa kuwa ni pale tu mtandao ulikuwa unashika vizuri. Kati ya chumba na sebule kuna kuta mbili. Waya ungepita mlangoni, ukakatiza ukumbi mzima, na mama anapita hapo na fimbo yake.

Niliifunga mwenyewe, Jumamosi mchana, mvua ikinyesha. Mume wangu alikaa kunitazama.

"Mwalimu, una uhakika hawajasahau kutuwekea waya?"

"Haina waya zaidi ya ule wa umeme."

"Sasa karatasi itajuaje ninachotaka?"

"Itaambiwa na ruta. Wewe tulia."

Ilinichukua saa nne. Printa ilikuwa na kioo kidogo kama cha simu za zamani, na vishale viwili. Paswedi ya ruta yetu ilikuwa ndefu, na kila herufi ilibidi niitafute kwa kubonyeza kishale mpaka nifike. Nikikosea moja, naanza upya. Nilipofika mwisho, ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Mara ya tatu niliandika nikisoma kwa sauti na mama akifuatilia kwenye karatasi kwa kidole, herufi moja moja, kwa makini ya mtu anayesoma masomo ya Misa, na bado ikakataa. Baadaye sana, nikisoma maelezo kwenye simu, ndipo nilipoelewa kwamba ruta yetu ilikuwa inatoa mitandao miwili yenye jina karibu sawa, mmoja wa kasi kubwa na mmoja wa kasi ndogo, na printa za aina ile zinaushika ule wa kasi ndogo tu. Paswedi ilikuwa sahihi muda wote. Nilikuwa nagonga mlango usio wake. Nikachagua mtandao wa pili, nikaandika upya, na taa ya buluu iliyokuwa inapepesa ikatulia.

Nilimwambia mume wangu aende chumbani atume chochote. Akaenda. Mimi na mama tukabaki tumeikodolea macho. Ilinguruma, ikavuta karatasi, ikatoa ukurasa mmoja wenye maneno makubwa: MAMA, SHIKAMOO.

Mama aliuchukua, akausoma mara mbili. "Marahaba, baba," akaitikia kuelekea chumbani, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akimwitikia nayo, na mume wangu akacheka mpaka tukamsikia kupitia zile kuta mbili. Nauandika mchana ule kwa urefu kwa sababu ulikuwa mzuri, na sikuwa na mingi kama huo baadaye.

Mama akajipa kazi. Kwa kuwa ndiye aliyekuwa sebuleni wakati mwingi, kila karatasi iliyotoka aliipokea, akainyoosha, akaisoma, akaiweka kwenye kapu la ukindu pembeni ya cherehani. Ripoti za mume wangu kuhusu viwavijeshi zilimpendeza kuliko mitihani yangu. Siku moja alinieleza hatua zote za kukagua shamba la mahindi kama afisa kilimo kamili, na nilipomwambia mume wangu alifurahi. "Sasa nina msomaji," alisema.

Halafu umeme ukawa wa kukatikakatika, wiki nzima. Uliporudi vizuri, printa ikagoma. Yenyewe ilikuwa inawaka na taa ya buluu imetulia, lakini kwenye laptopu ya mume wangu ilikuwa inaandika kwamba iko ofulaini, haipatikani. Zilikuwa wiki za mitihani ya mwisho wa muhula. Nilikuwa naondoka alfajiri na kurudi nimechoka.

"Printa yako imekufa," mume wangu aliniambia Alhamisi moja. "Nimebonyeza mara tatu, kimya."

"Unachapa nini? Nipe kwenye flashi nikuchapie shuleni."

"Aah, ni ripoti tu. Acha."

"Nitaiangalia Jumamosi."

"Acha, Mwalimu, nitapita mjini."

Sikuona kitu katika maneno yale. Nimeyarudia kichwani mara nyingi, na hata sasa sioni kilichopaswa kunishtua. Alisema ni ripoti.

Jumamosi asubuhi nikaiangalia. Tatizo lilikuwa la kawaida, ila mimi ilinibidi nijifunze. Kila kifaa kinapoingia kwenye mtandao, ruta inakipa namba yake, kama namba ya nyumba mtaani. Umeme ulipokatika na kurudi, ruta iligawa namba upya, printa ikapewa nyingine, na laptopu ikaendelea kupeleka kazi kwenye namba ya zamani ambako hapakuwa na mtu. Nikaingia kwenye ruta kwa simu, nikaifungia printa namba yake ile ya kwanza ili isibadilike tena hata umeme ukatike mara mia. Nikachapa ukurasa mmoja wa majaribio kutoka kwenye simu. Ukatoka safi. Nikajisifu. Mume wangu hakuwepo, na laptopu yake alikuwa nayo. Nikavaa viatu, nikaenda Bombambili kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa amejifungua.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kazi ambayo printa imeshindwa kuitoa haipotei. Inabaki ndani ya kompyuta, inangoja. Mume wangu alirudi mchana, akafungua laptopu chumbani, akaichomeka kwenye chaji, akatoka kwenda nyuma ya nyumba kuosha pikipiki. Laptopu ikaiona printa kwenye namba yake ya zamani. Ikatuma yote iliyokuwa imeyashika tangu Alhamisi. Alikuwa amebonyeza mara tatu, zikatoka nakala tatu. Sebuleni alikuwepo mama peke yake.

Mimi niliporudi sikukuta kitu kapuni. Mama alikuwa amelala, mchana, jambo asilolifanya. Alisema nyonga inamuuma. Siku mbili baadaye, nikiwa namenya viazi, akaniambia anataka kurudi Maposeni.

"Sasa hivi? Na nyonga?"

"Nyonga inatembea. Nimekaa vya kutosha."

"Kuna mtu kakusema, mama?"

"Hakuna aliyenisema."

"Mimi nimekuudhi?"

"Hujaniudhi, mwanangu. Mtu anataka kwake."

Nilikasirika. Niliona kama anatupa usoni kila nilichomfanyia, safari za hospitali, matone ya macho usiku na mchana, meza na vitu vyote nilivyopanga upya asijikwae. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kule hakuna mtu wa kumchotea maji, na kwamba akianguka tena asinitafute. Alinisikiliza mpaka mwisho akiangalia viazi, akasema, "Haya."

Nilipompelekea mume wangu malalamiko, nilitegemea atanisaidia kumzuia. "Mama ni mtu mzima," akasema. "Kama moyo wake uko kwake, tusimshike kwa nguvu." Nikaona wepesi fulani usoni mwake, kama mtu aliyekuwa anabeba kitu na mtu mwingine akamtua. Nikaona, nikapita.

Ni yeye aliyempeleka. Aliazima gari ndogo ya mizigo ya mwenzake wa kazini, siku ya kazi, nikiwa shuleni nasimamia mtihani, kwa kuwa mama mwenyewe alisema hataki kungoja Jumamosi. Nilirudi nikakuta kitanda kimetandikwa, shuka zimefuliwa na ziko kwenye kamba. Chumba kilikuwa kinanuka dawa ya kuchua nyonga. Nilikaa pale mpaka mume wangu akaja kuniuliza kama sitapika.

Wiki tatu sikwenda Maposeni. Nilikuwa na visingizio, usahihishaji, ripoti za wanafunzi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimenuna. Nilimpigia simu, tukasalimiana, tukaulizana mvua. Shule zilipofungwa nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye gunia uani, anapukuchua mahindi. Alikuwa amepungua. Bati la jikoni lilikuwa limeng'olewa na upepo upande mmoja, na ndoo ya maji ilikuwa nusu, kwa kuwa binti wa jirani alikuwa anamletea moja kwa siku, asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na baba?"

"Peke yangu."

Nikaketi, nikachukua hindi moja, tukapukuchua. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi kwa yale maneno ya viazi. Badala yake nikamwambia, kwa hasira iliyonirudia nilipoliona lile bati, kwamba huu ni ukaidi tu, kwamba kesho narudi naye, apende asipende.

"Siwezi kurudi," mama akasema. "Nikirudi nitamfanya baba aonekane mwongo kazini kwake."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha sala. Ndani yake kulikuwa na karatasi tatu zimekunjwa pamoja. Akanipa zote.

Nilizisoma nikiwa nimesimama. YAH: OMBI LA UHAMISHO KWENDA SINGIDA. Ilikuwa na jina lake, cheo chake, na miaka aliyofanya kazi Ruvuma. Alieleza kwamba baba yake mzazi amepooza upande mmoja, jambo nililolijua, kwamba yeye ndiye mtoto wa kiume pekee, kwamba anaomba kuwa karibu naye. Halafu aya ya tatu: "Nimeshauriana na mke wangu, ambaye ni mwalimu, na amekubali kuhama pamoja nami. Aidha, mama mkwe ninayeishi naye kwa sababu za matibabu atarejea kwa ndugu zake kijijini."

Nilifungua nakala ya pili, kisha ya tatu, kama vile mojawapo ingesema tofauti.

"Ulizisoma lini?"

"Jumamosi ile ulipoitengeneza. Zilitoka zikifuatana. Nilidhani ni za viwavi."

"Kwa nini hukunipa?"

"Nilijua ukiziona mtagombana. Na mgombane kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu mimi niliyekalia nyumba ya watu?" Alikaa tena juu ya gunia. "Barua ilisema narudi kwa ndugu zangu. Nikarudi, ili baba asisumbuke kunitafutia maneno."

"Ndugu gani, mama? Wako wapi hao ndugu?"

Ndugu zake wawili wa mwisho tuliwazika yeye na mimi. Mume wangu alikuwepo kwenye mazishi yote mawili, alibeba jeneza.

Nilirudi Matogoro na nakala moja. Mbili nilimwachia mama, sijui kwa nini, labda kwa sababu alizikunja tena na kuzirudisha kwenye kitabu kabla sijasema kitu. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mume wangu ni Mlutheri, mimi Mkatoliki, kwa hiyo huwa tunatoka kila mtu na njia yake na kukutana saa tano mezani kwa chai. Nilikuwa nimeiweka barua pembeni ya kikombe chake.

Aliiona kabla hajaketi. Hakuuliza imetoka wapi. Alivua koti, akalitundika, akakaa, akaiangalia bila kuigusa.

"Nilikubali lini?" nikamwuliza.

"Mwalimu."

"Niambie siku. Labda nimesahau. Tulikuwa wapi niliposema ndiyo?"

"Nilijua utasema hapana."

"Kwa hiyo ukanisemea."

"Baba yangu analishwa kwa kijiko na dada yangu," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Kila nikipiga simu ananiuliza nakuja lini, na hawezi kulitamka vizuri, namwelewa kwa kukisia. Nikikata simu, natoka hapo nje, namkuta mama yako uani na wewe unamtia dawa ya macho. Sikumwonea wivu, Mungu anajua. Lakini nilikuwa naangalia."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Tumwache mama yako tukamlee baba yangu? Ungekubali?"

Jibu lilikuwa hapana na sote tulilijua.

"Nilifikiri nitaomba kwanza," akasema. "Wakikataa, yameisha, hakuna aliyeumia. Wakikubali, ndipo nitazungumza na wewe."

"Mama aliisoma."

Nilimwona akijaribu kuelewa. Nikamweleza juu ya Alhamisi, mara tatu alizobonyeza, ile namba niliyoirudisha, pikipiki aliyokuwa anaiosha. Akaweka mikono miwili kichwani.

"Siku nampeleka," akasema, "tulipofika Maposeni aliniambia, 'Asante, baba, kazi yako ikufanikie.' Mimi nikajua ananiombea tu."

Hakwenda kumwomba radhi siku ile, wala wiki ile. Aliniambia haya inamzuia, mkwe hamwendei mama mkwe na jambo kama lile peke yake, apelekwe na nani? Nami sikutaka kumpeleka. Tuliishi kama wapangaji wa nyumba moja. Printa ilikaa pale. Nilipohitaji kuchapa nilichapa, nikaenda kuchukua karatasi zangu mwenyewe, na yeye ripoti zake alirudi kuzipeleka mjini. Kila Jumamosi nilikwenda Maposeni na dumu la mafuta ya kula au sabuni, nikampigilia mama bati, nikampangia mtu wa maji. Nilimwomba arudi mara nyingi. Alikuwa ananisikiliza vizuri, kisha ananibadilishia maneno.

Majibu ya ombi yalikuja karibu na mwisho wa masika. Walisema haiwezekani mpaka apatikane mtu wa kujaza nafasi yake. Alinionyesha barua ile akiwa amesimama mlangoni, akaenda zake shambani. Sikufurahi. Nilifikiri nitafurahi.

Baba yake alifariki wiki chache baadaye. Tulisafiri sote wawili siku mbili kwenye basi, hatukuongea sana, ila Makambako alilala akiegemea bega langu na sikulisogeza. Tulimkuta marehemu ameshaandaliwa. Dada yake, yule aliyekuwa anamlisha, alinipokea vizuri. Siku ya tatu, tukiosha vyombo, akaniuliza bila ukali wowote, "Wifi, alituambia mmekubali kuja. Tulikuwa tunamwambia mzee, wanakuja. Nini kiliwazuia?" Nilimwambia kazini walikataa. Ilikuwa kweli. Nilisugua sufuria lile mpaka akaniambia limetakata.

Tuliporudi Songea, siku ya pili yake, mama alikuja kutoa pole. Hakuna aliyemwita. Alishuka kwenye bodaboda getini na fimbo yake na kuku mmoja ndani ya kikapu. Mume wangu alikuwa sebuleni kwenye kochi lake. Alitaka kusimama, mama akamwashiria akae, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya: akavuta stuli, akaketi mbele yake, wanatazamana.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa, mama."

"Ungeniambia unataka kwenda kumuuguza mzazi wako, mimi ningekufungia mzigo kwa mikono yangu. Nisingehitaji kuambiwa na mashine."

Mume wangu alianza kulia. Alilia vibaya, na kelele, kwa namna ambayo hakulia kaburini. "Nisamehe, mama," alisema, na akalirudia, na mama alikaa tu pale, mkono kwenye fimbo, hakumgusa kwa kuwa si desturi, lakini hakuinuka.

Alikaa nasi siku saba. Alikula mezani. Siku ya nane akafunga kikapu chake. Nilimfuata chumbani nikamwambia sasa mambo yamekwisha, hakuna barua tena, abaki.

"Yamekwisha ndiyo," akasema. "Ila nimeshazoea tena kwangu. Mara hii narudi kwa sababu nataka."

Sijui kama ni kweli. Bado yuko Maposeni, anatembea, anasoma kwa miwani sasa. Naenda kila Jumamosi, na mara nyingine mume wangu huja, hukaa uani na kumkagulia mahindi.

Yeye amekuwa mtu wa kuniuliza. Ananiuliza kila kitu: kama aende mkutanoni Mbinga, kama anyoe nywele, kama abadilishe kufuli la geti. Anasubiri niseme ndiyo kabla hajageuka. Najua anachofanya, na kuna siku kuulizwa huko kunanichosha kiasi kwamba natamani aamue jambo lolote bila mimi, kisha nakumbuka, nanyamaza.

Juzi aliniuliza kama siku moja tunaweza kuandika ombi jingine, sote wawili, na sahihi yangu chini. Mama yake mzazi amebaki mjane Singida, na dada aliyekuwa akiwatunza ameolewa sasa. Nilimwambia anipe muda. Akasema sawa. Sijamjibu, na yeye hajauliza tena.